Mbwa Mwoga na Mshindo wa Bunduki

Lugha yetu ina neno ambalo kila mtoto hulijua, nalo ni kufyata mkia. Kufyata ni kubana kitu katikati ya vitu viwili. Basi mbwa aliyetishwa huubana mkia wake katikati ya mapaja, huinamisha kichwa, akaenda zake. Kutoka kwa mbwa neno limehamia kwa mwanadamu: mtu aliyekuja kwa majivuno akarudi kwa aibu husemwa kwamba amefyata mkia, na aliyenyamaza kwa hofu husemwa kwamba amefyata ulimi. Lakini neno hili lataja tendo tu. Halituambii ni nani aliyemtia mbwa ile hofu, wala kama hofu yaweza kumtoka. Hayo ndiyo tutakayo kueleza hapa, kwa mfano wa mbwa wa namna moja: mbwa kijana, mwoga, anayepelekwa mara ya kwanza kuwinda ndege kwa bunduki.

Desturi ya kuwinda ndege kwa bunduki pamoja na mbwa aliyefundishwa hasa kwa kazi hiyo imekuzwa sana na Waingereza, na walimu wengi wamekutana nayo katika vitabu vyao. Sisi tuliijua kwa upande wake mbaya kabla ya kuisoma.

Tulipokuwa watoto katika nchi ya Bonde, chini ya milima ya Usambara, mjomba wetu alikuwa na gobori la kuwindia kanga. Alikuwa pia na mbwa jike, mwekundu, mwenye ncha nyeupe ya mkia, umri wake kama miezi mitano. Naye aliyemlea ni sisi. Aliogopa wageni, aliogopa hata mbuzi, lakini pua yake ilikuwa ya ajabu. Kwale akiwa amepita njiani asubuhi, mbwa yule alisimama mahali pale adhuhuri akinusa, mkia ukitetemeka. Siku moja mjomba akasema, "Leo atakwenda kujifunza kazi." Tukamjibu, "Mjomba, bado mdogo, na mwenyewe ni mwoga." Akasema, "Mpwa wangu, samaki mkunje angali mbichi." Tukamfunga kamba shingoni, tukaishika sisi. Kanga walipokurupuka, gobori likalia hatua mbili tu juu ya kichwa chake. Mbwa akapiga yowe, akatupokonya kamba mkononi, akakimbia. Jioni tulimkuta uvunguni mwa ghala la mahindi, naye mjomba akamtoa akampiga fimbo ili asirudie tena kukimbia. Tangu siku ile akimwona mtu amechukua hata jembe begani alifyata mkia. Mwaka haukuisha, akatolewa apewe mtu wa mbali. "Mbwa yule ni mwoga tangu kuzaliwa," alisema mjomba, nasi tukasadiki. Ilipita miaka mingi kabla ya kufahamu kwamba neno lile halikuwa kweli, au kwamba lilikuwa kweli nusu tu.

Majina ya mbwa hawa na kazi zao

Mbwa wa bunduki wa Uingereza wagawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni wale waitwao pointer na setter. Hawa hutangulia mbele ya mwindaji, wakikata upepo kuume na kushoto. Wapatapo harufu ya ndege waliojificha majanini husimama ghafula, pua imeelekea walipo ndege, na pengine mguu mmoja wa mbele umeinuliwa. Setter wa zamani alijilaza chini mbele ya ndege, na wawindaji walitupa wavu juu ya ndege, pengine juu ya mbwa pia. Maana kazi hiyo ni ya kale kuliko kuenea kwa bunduki. Fungu la pili ni spaniel, ambao huingia vichakani karibu na mwindaji na kuwaondoa ndege ili wapande angani. Fungu la tatu ni retriever, na mashuhuri kati yao ni Labrador, ambaye asili yake ni mbwa wa wavuvi wa Newfoundland. Huyu hukaa kimya mpaka ndege ameanguka, ndipo hutumwa kumwokota na kumleta mkononi bila kumtafuna. Wajerumani hupenda mbwa mmoja ajue kazi zote, kama yule wa manyoya mafupi waliyemwita Kurzhaar.

Kwa Kiswahili twaweza kumwita wa kwanza mwonyeshaji, wa pili mkurupushaji, na wa tatu mletaji. Neno kukurupusha latufaa sana, maana kukurupuka ni kuondoka ghafula kwa kushtuka, na ndivyo wafanyavyo kanga na kwale, ambao hupenda kukimbia kwa miguu kabla ya kutumia mabawa. Kazi ya mkurupushaji basi mbwa wa wasasi wetu waijua. Kazi ya mwonyeshaji ndiyo ngeni kwetu, kwa kuwa msasi mwenye mkuki au rungu hana faida na mbwa asimamaye bila kukimbiza.

Mashindano ya kwanza ya kuwajaribu mbwa hawa mashambani yalifanywa Southill, katika jimbo la Bedfordshire, mwaka 1865, na chama chao kikuu, Kennel Club, kiliundwa mwaka 1873. Majira ya kuwinda yaliwekwa kwa sheria ya mwaka 1831: ndege wa milimani aitwaye grouse huwindwa tangu 12 Agosti hata 10 Desemba, partridge, ambaye ni jamaa ya kwale wetu, tangu 1 Septemba hata 1 Februari, na pheasant tangu 1 Oktoba hata 1 Februari. Tumeyataja majira haya kwa sababu yana maana kwa mbwa. Miezi iliyosalia hakuna kuwinda, na mwenye mbwa mchanga hulazimika kungoja. Kungoja huko ndiko mjomba wetu alikokosa.

Neno la kuvunja na neno la kuzoeza

Waingereza wa zamani walikuwa na neno la kazi hii ambalo, likifasiriwa sawasawa, ni kuvunja mbwa, kama vile wasemavyo kuvunja farasi. Mwaka 1848 askari mmoja, W. N. Hutchinson, alitoa kitabu kilichokuwa na neno hilo katika jina lake, Dog Breaking, kikasomwa na wawindaji wengi. Jambo la kuangalia ni kwamba mwenyewe alihimiza upole na akili kuliko mjeledi. Neno lilikuwa la kuvunja, na fundisho lilikuwa limekwisha kuanza kuliacha neno nyuma. Siku hizi wengi wao wameacha kusema kuvunja, husema kufundisha.

Desturi ya kumtaka mbwa awe amefundishwa si ya Ulaya peke yake. Sheria ya Kiislamu, ambayo kwa madhehebu ya Shafii yahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, hata hivyo yaruhusu nyama iliyokamatwa na mbwa wa kuwinda aliyefundishwa; nao wanazuoni walieleza alama zake, kwamba akitumwa huenda, akizuiwa husimama, wala hali alichokamata. Katika alama hizo hakuna hata moja ipatikanayo kwa kumtisha tu.

Kiswahili kina neno bora kupita yote mawili ya Waingereza. Twasema mtu amezoea. Na tukiongeza herufi moja twapata kuzoeza, yaani kumfanya mwingine azoee. Mzoezaji hamtii mbwa kitu kipya kwa nguvu. Hupanga mambo yaliyo nje ili mabadiliko yafanyike ndani ya mbwa mwenyewe. Pia kuzoea si kuvumilia. Mbwa aliyeshikwa kwa kamba karibu na bunduki, akatetemeka bila kukimbia, amevumilia kwa kuwa hana njia; hajazoea. Kwa macho ya haraka hali hizi mbili hufanana, na hapo ndipo wengi hupotea.

Kushtuka, kuogopa, na woga

Yafaa tena tutenge maneno matatu. Kushtuka ni kwa mwili: mlio ukipiga, kila kiumbe chenye masikio hushtuka, hata askari wa zamani. Kuogopa ni kwa kitu fulani: mbwa amejua kwamba kitu hiki huleta mabaya, naye ataka kukikimbia. Woga ni tabia, nayo hukaa na mbwa popote aendapo. Mbwa aliyeshtuka kwa mshindo, akainua kichwa, akatazama, kisha akarudi kunusa, hana kosa lolote. Mbwa aliyeacha kunusa, akafyata mkia, akatafuta njia ya nyumbani, huyo ameogopa. Lakini hata huyo si lazima awe mwoga kwa tabia. Mwalimu asiyetenga maneno haya humwita mwoga kila aliyeshtuka, akamtendea kama mwoga, mpaka jina lile likawa kweli.

Jinsi kushtuka kunavyogeuka kuwa hofu ilionekana wazi mwaka 1924. Mwezi wa Septemba mwaka ule mto Neva ulifurika katika mji wa Leningrad, maji yakaingia katika vibanda vya mbwa wa mtaalamu Ivan Pavlov. Mbwa walikuwa wakiogelea vichwa vyao karibu na dari, na ilikuwa lazima kuwavuta chini ya maji ili watoke mlangoni. Waliokolewa, lakini baadhi yao walikuwa wamepoteza waliyofundishwa kwa muda mrefu. Baadaye, mbwa mmoja alipokwisha kurudia hali yake, maji machache yaliachwa yapenye chini ya mlango, na hofu yote ikamrudia. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Siku moja yatosha kuleta hofu. Na siku moja tu ndiyo aliyoitumia mjomba wetu.

Mwaka huo huo, katika mji wa New York, mwanamke aitwaye Mary Cover Jones aliandika habari za mtoto wa karibu miaka mitatu, ambaye katika maandishi yake amemwita Peter. Mtoto huyu aliogopa sungura. Mwanamke yule alimketisha ale chakula akipendacho, na sungura akawekwa ndani ya kizimba mbali, ambapo mtoto alimwona bila kuacha kula. Siku baada ya siku kizimba kililetwa karibu kidogo. Mwishowe mtoto alimshika sungura kwa mkono wake. Hofu iliyoingia kwa ghafula hutoka kwa kadiri, na njia yake ni mbili pamoja: kitu cha kuogopwa kiwe mbali kiasi cha kutoogopesha, na wakati ule ule pawe na jambo la furaha. Wazoezaji wa mbwa wa bunduki hufuata njia hiyo hiyo, hata wale wasiosikia kamwe habari za Peter.

Jinsi ya kumzoeza

Kwanza, mbwa aizoee dunia kabla ya kuizoea bunduki. Wataalamu Scott na Fuller, ambao kitabu chao kilitoka Marekani mwaka 1965, walionyesha kwamba majuma ya kwanza ya mtoto wa mbwa, tangu la tatu hata kama la kumi na mbili, ni wakati wa kupokea mambo mapya. Aliyefungiwa ndani siku zile hukua akiogopa watu na vitu. Basi yafaa aone watu wazima kwa watoto, asikie vyombo vya jikoni, apite majani marefu, avuke kijito. Yule aliyekwisha kuwa mwoga achukuliwe peke yake, pamoja na mtu amtumainiye, mahali patulivu. Asiburutwe penye kitu cha kumtisha. Aachwe akizunguke, akinuse kwa wakati wake.

Pili, ajue maneno machache kwa hakika: kuja aitwapo, kuketi, na kusimama kwa filimbi. Hayo hufundishwa nyumbani, kwa muda mfupi, dakika kumi hivi, kisha achezeshwe. Mbwa mwoga hupata ushujaa kwa kujua afanye nini. Mtu asiyejua njia huogopa kila mti gizani.

Tatu, ndege aje kabla ya bunduki. Hii ndiyo nguzo ya kazi yote. Kwa mwonyeshaji, mzoezaji hufunga bawa la ndege kwenye uzi na fimbo ndefu, akalirusha majanini, mbwa akalifuata kwa macho na kwa pua. Kwa mletaji, hutupa kitu laini kilichofungwa manyoya, kisha baada ya siku nyingi ndege aliyekufa na kupoa, mabawa yamefungwa yasimpige usoni. Ndege mwenye jeraha, apigaye mabawa na kuparua, asiwe somo la kwanza. Watoto wa mbwa wengi wamechukia ndege kwa sababu ya mkwaruzo mmoja wa pua. Kisha apelekwe mahali penye ndege wa mwituni, bila bunduki, awanuse, awaondoe, awatazame wakienda zao. Mara kwa mara afanye hivyo, mpaka akiona tu kwamba safari imeelekea upande ule, mwili wote unacheza kwa furaha. Asiyefika hapo bado hajawa tayari, hata kama umri wake ni mkubwa.

Nne, ndipo mshindo uingie, nao uingie kutoka mbali. Mtu wa pili husimama umbali wa hatua mia na hamsini au mia mbili, amempa mbwa kisogo, na bastola ndogo ya fataki isiyo na risasi. Hungoja ishara. Mbwa akiwa ameshughulika kabisa na ndege au bawa au chakula, mkono huinuliwa, mlio mmoja hulia. Mmoja tu. Mwenye mbwa asimtazame mtu wa bastola bali amtazame mbwa. Akiinua masikio kisha akaendelea, siku hiyo imekwisha kwa ushindi. Akiacha shughuli yake, umbali ulikuwa mdogo. Kesho uongezwe, wala asilaumiwe mbwa. Mshindo ukiisha kuwa si kitu kwa umbali ule, mtu wa pili husogea hatua kumi au ishirini. Baada ya bastola huja bunduki nyembamba ya marisau, tena kutoka mbali. Na baada yake bunduki kubwa ya kawaida, tena kutoka mbali. Kila chombo kipya huanza safari yake upya. Kwa mbwa mshupavu kazi hii huchukua majuma machache. Kwa mwoga huenda ikawa miezi.

Kisa cha tahadhari hii kimo katika masikio. Mlio wa bunduki ya marisau hupita desibeli 140 kwa aliye karibu, kiasi kiwezacho kudhuru masikio hata ya mtu. Naye mbwa husikia sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii kabisa. Kwa hiyo bunduki isilie juu ya kichwa cha mbwa, hata aliyekwisha kuhitimu.

Tano, siku ya kwanza ya kuwinda iwe siku ndogo. Pawe na bunduki moja, mikononi mwa mtu mwenye subira, atakayekubali kuacha ndege kumi wapite ili amngojee mmoja aliyeonyeshwa vema. Bunduki ilie pale tu mbwa anapomtazama ndege akiruka, ndege aanguke, mbwa amfikie na kumnusa. Hapo mambo matatu huungana: harufu, mlio, na ndege mdomoni. Tangu siku hiyo mlio wenyewe huwa habari njema. Kisha warudi nyumbani, mbwa angali na hamu. Mbwa kijana asipelekwe kwenye yale mawindo makubwa ambayo ndege husukumwa na watu wengi kuelekea safu ya wapiga bunduki, na milio ni kama mvua ya mawe. Hapo hata aliyezoezwa vizuri aweza kuharibika.

Wengi huuliza kama yafaa kumpeleka pamoja na mbwa mzee. Yafaa kwa kiasi. Mwoga akimwona mwenziwe hajali mshindo hutulia. Lakini akifuatana naye siku zote, atajifunza kumfuata mbwa mzee, hatajifunza kumfuata ndege. Basi atangulie naye mara chache, kisha aende peke yake.

Makosa

Kosa la kwanza, nalo ndilo kubwa, ni kumjaribu. Mtu amenunua mbwa, ataka kujua kama aogopa bunduki, basi humpigia bunduki karibu. Kwa kujaribu huko huumba kile alichokuwa akikitafuta. Kosa la pili ni kumfunga mti mahali pa kupigia shabaha ili azoee kwa wingi wa milio; tumekwisha kusema kwamba huko ni kuvumilia. Kosa la tatu ni kumwadhibu aliyekimbia. Mbwa hajui kwamba apigwa kwa ajili ya kukimbia. Ajua tu kwamba bunduki ililia, kisha akapigwa, na kwa hiyo alikuwa na haki kuogopa.

Zamani wazoezaji wengi walikataza pia kumtuliza mbwa aliyeogopa, wakisema kwamba kumpapasa ni kumlipa kwa woga wake. Siku hizi waganga wa wanyama wengi hawakubali. Hofu si tendo ambalo mbwa hulifanya ili apate ujira. Mwenye mbwa aweza kumwita kwa sauti ya kawaida, amwekee mkono, waondoke pamoja polepole. Linalodhuru ni mwenye mbwa kufadhaika naye, maana mbwa husoma mwili wa bwana wake.

Koo, na masikio yasiyosikia

Tulisema kwamba neno la mjomba lilikuwa kweli nusu. Nusu hiyo ni hii. Iko tabia ya kurithi. Katika Arkansas, Marekani, wataalamu walizalisha koo mbili za pointer na kuzichunguza katika miaka ya 1960 na iliyofuata. Ukoo mmoja ulikuwa mtulivu. Wa pili uliwaogopa wanadamu hata kukauka kama mti mtu alipokaribia, ingawa walilelewa namna moja. Kwa hiyo ni hekima kumtazama mama na baba kabla ya kumchagua mtoto.

Lakini habari hiyo ina mwisho wa kutufikirisha. Mwaka 1988 wachunguzi walieleza kwamba walipopima masikio ya mbwa wa ukoo ule wa woga, walio wengi walikuwa viziwi. Haikusemwa kwamba uziwi ndio uliokuwa chanzo pekee cha woga wao; hata hivyo viumbe waliotazamwa miaka mingi kwa ajili ya tabia yao walikuwa na ulemavu wa mwili ambao haukujulikana. Basi kabla ya kumhukumu mbwa, simama nyuma yake asipokuona, upige makofi, uone kama atageuka. Na mwalimu aliye na mtoto asiyejibu darasani aanze na jaribio hilo hilo kabla ya kuinua fimbo.

Aliyekwisha kuharibika

Je, mbwa kama yule wetu angeweza kuponywa? Yawezekana, lakini si kwa hakika. Bunduki zingewekwa mbali asizione kwa miezi. Jembe begani lingerudishwa kuwa jembe tu, kwa kumpa chakula kila mtu alichukuapo. Ndege wangerudi kwanza, bila mlio wowote, mpaka furaha ya zamani ionekane tena. Ndipo mshindo uanze upya, mbali kuliko mara ya kwanza, na mdogo kuliko mara ya kwanza. Wengine hupona wakawinda. Wengine hupona kiasi cha kukaa nyumbani kwa amani, nao si hasara. Wazoezaji wakweli hukiri kwamba kuzuia ni kazi ya majuma, na kuponya huenda kukawa kazi ya mwaka.

Mithali ya mjomba haikuwa na kosa. Samaki hukunjwa angali mbichi. Lakini kukunja si kuvunja, na mkunjaji ajuaye kazi yake hutia nguvu kidogo kidogo, akisikiliza. Mbwa yule mwekundu alikuwa na pua iliyojua njia ya kwale tangu asubuhi hata adhuhuri. Pua ile haikupotea kwa sababu ya woga aliozaliwa nao. Ilipotea kwa sababu somo la mwisho lilitangulizwa likawa la kwanza, na kamba tulikuwa tumeishika sisi.